Sura ya Sita: Mnara Kiziwi

Mtu akifa kwa kukosa pumzi, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyekuwa anapumua vizuri chumba kile kile. Ndiyo maana Kinyozi alikuwa mahabusu. Mkewe alikuwa na pumu, pumu ikambana juzi mchana, akafa kitandani. Kinyozi akaandikisha kwamba alikuwa kando yake mwanzo mpaka mwisho, hakutoka hata mlangoni, kazi yake kupiga simu tu. Gari la wagonjwa, mara nane. Haikuingia hata moja. Na simu yenyewe, eti, ikaibiwa watu walipojaa nyumbani kulia.

Kampuni ya simu nayo ikaleta karatasi yake. Namba ya Kinyozi siku ile haikupiga popote. Yaani popote.

"Sasa mwongo ni karatasi au ni mtu?" Mkuu wa kituo alimuuliza Msumari asubuhi. "Tumemkamata jana saa kumi jioni. Leo saa kumi kama huna kitu, namfungulia mlango akanyoe watu. Sheria ni sheria."

Msumari ni mpelelezi, mwanamke mfupi, anavaa viatu vya kiume. Hilo jina kapewa na wezi, si na mama yake. Anaingia polepole, na siku ukimng'oa anaondoka na kipande cha ubao.

Saa tatu na nusu alikuwa mtaani kwa Kinyozi, mbele ya saluni iliyofungwa, anamsubiri mtu wa ofisi ya masafa. Hii ni ofisi inayolinda mawimbi ya hewani, kila mtu abaki kwenye njia yake, redio na redio, polisi na polisi, simu na simu. Jamaa akaja kwa miguu, mrefu, mwembamba, mkononi antena inayofanana na samaki aliyeliwa akabaki mgongo. Kabla hajatoa salamu watoto wakamwita Mfupa, na Msumari akaona limemkaa.

"Afande, simu yako ina mistari mingapi?"

"Minne. Imejaa."

"Mpigie mtu."

Msumari akampigia Mkuu. Kimya. Akabadilisha sikio. Kimya vile vile. Halafu tii-tii-tii, imekata.

"Umeona? Mistari ni sauti ya mnara," Mfupa alisema, akaonyesha mnara mwekundu na mweupe nyuma ya mapaa. "Inakuambia mnara unavyokusemesha wewe. Haikuambii kama wenyewe unakusikia. Huu una mdomo, masikio hauna. Kuna kitu hapa mtaani kinaupigia kelele sikioni saa zote. Kampuni wanatulalamikia wiki ya tatu."

"Mkaja leo."

"Gari lilikuwa bovu."

"Na karatasi yao inasema hakupiga."

"Karatasi inaandika simu zilizosikika, afande. Ambayo mnara haukuisikia, karatasi itaijulia wapi?"

"Kwa hiyo Kinyozi anaweza kuwa alipiga kweli."

"Anaweza kupiga mpaka kidole kiote sugu."

Msumari hakulipenda hilo jibu. Lakini kazi ni kazi. Akaanza na majirani, mmoja mmoja, swali lile lile, hawaelezi kwa nini anauliza.

Muuza mkaa alikuwa amekaa juu ya gunia. "Juzi? We juzi unaiona mbali. Wiki tatu hizi napiga, kimya, kama nimeweka sikio ukutani. Halafu tii-tii-tii. Nimegombana na wateja mpaka basi, wananiambia mama umetuzimia simu, umelewa mauzo."

Fundi wa majeneza hakuacha hata kupiga randa. "Kimya. Halafu inakata. Mimi silalamiki lakini, afande. Mtandao ukikata kule, huku kazi inaingia." Akacheka peke yake. Jeneza lililokuwa mezani lilikuwa la mke wa Kinyozi, na vipimo vyake alikuwa anavirudia rudia. "Kalikuwa kembamba haka kadada. Mbao zimebaki."

Wa tatu, wa nne, mwalimu wa chekechea, mpaka wa kumi na mbili. Wote wimbo mmoja. Msumari aliandika kila neno kama lilivyotoka.

Basi watu wakishaona antena, mtaa unakuwa na majibu. "Ni Fundi Redio!" wakasema. "Ana dude juu ya bati!" Na kweli, juu ya kibanda cha Fundi Redio kulikuwa na kidude cha kuvutia mtandao, kakiunga mwenyewe kwa waya na sufuria. Mfupa hajafika mlangoni, watu thelathini wameshafika.

"Jamani, hilo dude ni la kwangu, la kuvutia mtandao wangu tu!" Fundi Redio alikuwa ameinua mikono juu, kijana wa miaka kama thelathini na miwani imeungwa kwa lehemu.

"Umetuulia mtu!" muuza mkaa akamwambia. Mwingine akamzaba kibao, miwani ikaruka.

Msumari alitazama saa yake. Akaacha na kibao cha pili kiingie, kwa sababu mtu aliyepigwa vibao viwili haulizi kibali cha upekuzi. Halafu akasema, "Inatosha. Lizime."

Dude likazimwa. Mfupa akatazama kisanduku chake chenye kioo. Pale kwenye kioo kelele ilikuwa inaonekana kama kilima, kimesimama katikati ya uwanda. Kilima hakikuyumba.

"Si yeye," Mfupa alisema.

Watu wakaondoka wananung'unika, kama wamenyimwa kitu. Hakuna aliyeokota miwani.

"Tunafanyaje?" Msumari aliuliza.

"Tunachora mistari." Mfupa akatoa ramani ya mtaa, karatasi imekunjwa mpaka imechoka. Akasimama mbele ya saluni, akazungusha antena polepole mpaka kilima kikafika juu kabisa, akapiga mstari upande ule. Wakatembea mpaka kwenye kiwanda cha matofali, akapiga wa pili. Wakapanda ngazi za shule ya chekechea, watoto wanaimba chini, akapiga wa tatu. Mistari mitatu, na yote ikakatana kwenye jengo moja la ghorofa mbili lililotazamana na mnara uso kwa uso.

"Ghorofa ya juu," Mfupa alisema. "Lile dirisha lenye pazia la njano. Kuna nini mule?"

Msumari alilijua. Alikuwa amekaa mule jana, saa nzima, anaandika maelezo. "Cherehani," akasema.

Mule anakaa Mama Pindo, dada mkubwa wa marehemu. Jina kalipata kwa ushonaji, pindo lake halifumuki, na mdomo wake nao hivyo hivyo, akishakushona umeshonwa. Tangu juzi alikuwa anazunguka kituoni asubuhi na jioni anadai shemeji yake anyongwe. Jana alileta na kamba yake mwenyewe. Siyo utani.

"Mmekuja kuniambia mmeshamnyonga?" aliuliza, hajainua macho kwenye cherehani. Alikuwa anashona nguo nyeupe.

"Bado, dada," Msumari alisema. "Tunapita tu."

"Mnapita. Yule mbwa anakula ugali wa serikali, nyie mnapita. Nilimwambia mdogo wangu, huyu mwanaume ananyoa watu vizuri kwa sababu anapenda kushika wembe kwenye shingo ya mtu. Akanuna. Na shemeji akanipiga marufuku mlangoni kwake, mimi, niliyemlea mkewe mgongoni!"

Mfupa alikuwa hasikilizi. Alikuwa anazunguka chumbani na antena yake, amepita vitambaa, amepita pasi, amefika dirishani. Pale kwenye dirisha, juu ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na simu nyeupe imekaa kwenye kiti chake, kijitaa cha kijani kinawaka.

"Mama, hii nini?"

"Huoni? Simu ya mezani. Isiyo na waya. Naongea nayo huku natembea, mpaka chooni. Baba watoto kaituma toka ng'ambo, wiki ya tatu hii."

Msumari na Mfupa wakatazamana. Wiki ya tatu.

"Naichomoa kidogo."

"Usiguse! Hiyo haizimwi!" Mama Pindo akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Hata umeme ukikatika ina betri yake. Nimesema haizimwi!"

Msumari akapita katikati yao, akachomoa waya ukutani, akageuza kiti cha simu, akatoa na betri. Kijitaa kikafa.

Kilima kwenye kioo kikaanguka. Pakawa tambarare.

Halafu chini mtaani ikaanza. Kwanza simu moja, ya muuza mkaa. Halafu mlio wa ujumbe, halafu mwingine, halafu ishirini kwa pamoja, mtaa mzima unalia mifukoni, ujumbe wa wiki tatu unaingia kwa mkupuo. Fundi wa majeneza akasikika anapiga kelele, "Halo? Halo! Nani amekufa?"

"Rudisha," Mfupa alisema. Msumari akarudisha. Kilima kikasimama, mtaa ukanyamaza. "Toa." Kikalala, mtaa ukalia. Mara tatu, kwa sababu mara moja ni bahati na mara mbili ni ubishi.

"Huko ilikotoka si kosa," Mfupa alimweleza Mama Pindo, kwa upole kidogo. "Kule masafa haya wamewapa simu za mezani. Huku wamewapa minara, ndiyo wanayosikilizia. Umeiweka dirishani, inatazamana na mnara. Hata usipoongea nayo yenyewe inaita, naa, naa, naa, mchana kutwa. Mnara hausikii mtu mwingine huku nyuma."

Mama Pindo hakuwa mjinga. Alikaa chini, na kiti kilikuwa kimeanguka, akakaa kwenye sakafu juu ya vipande vya kitambaa.

"Kwa hiyo shemeji..." akasema. "Shemeji alipiga?"

"Ndicho ninachokitafuta," Msumari alisema.

"Afande, usinifanyie hivyo. Kama hakupiga, yeye ndiye kamuua. Na kama alipiga..."

Mpelelezi mwingine angemwachia hapo. Msumari alimmalizia. "Kama alipiga, simu yake iliishia kwenye dirisha lako. Vaa viatu, twende kituoni. Utakaa benchi la nje. Jibu nikilipata utakuwa wa kwanza."

Saa nane mchana Kinyozi akaletwa chumba cha mahojiano. Siku nzima ndani, na bado alikuwa msafi, kola imesimama, kucha zimekatwa. Alivuta kiti kama anayekaa kwake. Mfupa alikuwa kona na kisanduku chake.

"Kaka, nikuombe radhi," Msumari alianza.

Kinyozi akainua nyusi.

"Tumepima mtandao wa mtaani kwako. Ulikuwa mbovu. Mnara haukuwa unasikia mtu. Karatasi ya kampuni haina maana tena."

Kinyozi aliegemea nyuma. Tabasamu lilikuja taratibu, upande mmoja. "Si niliwaambia? Mnanilaza kwenye saruji na mbu, nimefiwa, bado mnaniita muuaji. Ubovu ulitoka wapi?"

"Kwa shemeji yako. Simu yake ya mezani."

Hapo Kinyozi akacheka. Siyo kwa sauti kubwa, lakini alicheka, akajifuta jicho kwa kidole. "Mama Pindo? Aisee. Mwambieni ahsante. Miaka sita ananiita muuaji, kumbe kazi kaifanya yeye. Ameshaambiwa?"

"Anasubiri nje."

"Nitamsalimia nikitoka."

"Tumalizie maelezo tu," Msumari alisema, kalamu iko tayari, sauti laini kama ya nesi. "Kituo cha teksi kiko hatua sitini toka mlangoni kwako. Miguu haihitaji mtandao. Kwa nini hukutoka?"

"Ningemwachaje peke yake? Alikuwa amenishika mkono. Kile kifua, afande, wewe hujakisikia. Mlango wenye kutu, unafunguka, unafunga. Miaka sita nalala na mlango wenye kutu. Kuna siku nilikuwa namwambia, mama, kafie mbali nilale." Akaitazama kalamu ya Msumari. "Utani wa ndani ya nyumba huo."

"Naelewa. Ukapiga mara nane. Ulipopiga ulisikia nini?"

"Nilisikia nini kivipi? Yule dada. 'Namba unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye.'"

"Mara zote nane?"

"Zote. Mpaka nikamtukana yule dada."

Msumari akaandika. Akamsomea. Kinyozi akaweka sahihi, nzuri, yenye mkia.

"Fundi," Msumari alimgeukia Mfupa, "huyu dada anakaa wapi?"

"Mjini, kwenye mitambo ya kampuni. Akikujibu, maana yake mnara umekusikia, ukampelekea ombi lako, naye akarudisha sauti."

"Na mnara ukiwa kiziwi?"

"Dada hajui kama upo. Unapata kimya, halafu tii-tii-tii."

Msumari akafungua daftari lake. "Muuza mkaa, kimya, tii-tii-tii. Fundi majeneza, kimya, inakata. Mwalimu, kimya. Nimeuliza watu kumi na mbili. Mtaa mzima wiki tatu hakuna aliyemsikia dada, ila wewe. Tena kakuimbia mara nane."

Kinyozi aliangalia sahihi yake kwenye karatasi, wino haujakauka.

"Kila mtu husema hivyo. Simu isipoingia, unasema dada kakataa. Ni mazoea ya mdomo."

"Ndilo kosa lenyewe, kaka. Aliyepiga husema alichosikia. Ambaye hakupiga husema alichozoea."

Kinyozi akainyoosha kola yake.

"Na simu yako haikuibiwa," Msumari aliendelea, ila sasa alikuwa anaongea polepole, anawaza huku anatazama zile kucha safi. "Usingemwacha mwizi aondoke nayo, haina hata simu moja uliyopiga, polisi wakiikamata umekwisha. Na ya mkeo? Umeandika iliharibika mwezi uliopita. Kwako tumepekua, hakuna hata kava. Mtu kama wewe angeficha simu wapi?" Akajijibu. "Saluni kwako watu wanachaji simu."

Kinyozi alilamba mdomo.

Konstebo alirudi baada ya dakika arobaini na ubao mzima wa kuchajia, simu kumi na saba zinaning'inia kama popo. Kumi na tano zilikuwa na utepe wenye jina la mwenyewe. Mbili hazina. Moja ilikuwa ya Kinyozi, imefutwa kila kitu. Nyingine ndogo, ya vitufe, vitufe vimelika. Msumari akabonyeza mahali pa simu zilizopigwa.

Juzi. Saa sita na dakika nne mchana. Saa sita na dakika tano. Na sita. Na nane. Mstari juu ya mstari mpaka saa sita na dakika ishirini na sita. Kumi na moja, zote namba moja, zote hazikuingia.

"Hii ya nani?"

Hapa Kinyozi alifikiri. Unaona kabisa mtu anafikiri, macho yanahama toka kwenye ile simu kwenda kwa Mfupa, toka kwa Mfupa kwenda mlangoni, ambapo Mkuu alikuwa amesimama na funguo zake. Na lile tabasamu likarudi.

"Yangu," akasema.

"Ulisema yako iliibiwa."

"Ninazo mbili. Nilichanganyikiwa, nimefiwa. Angalieni laini ina jina la nani."

Mkuu akaenda kuangalia. Akarudi. Laini zote mbili zilisajiliwa kwa jina la Kinyozi.

"Basi hizo hapo," Kinyozi alisema, akakunja mikono. "Nilisema nane, kumbe kumi na moja. Uchungu hauhesabu. Mlikuwa mnatafuta ushahidi kwamba nilipiga, mmeuleta wenyewe na ubao wake. Dada kasema, dada hakusema, ya nini tena? Nilipiga. Haikuingia. Muulizeni Mama Pindo kwa nini."

"Namba hii uliyopiga ya nani?"

Akachungulia. Ilikuwa namba ndefu, ya mezani. Sekunde mbili tu. "Ya hospitali. Mapokezi."

Msumari akaandika na hilo. Akamsainisha.

Nje kwenye korido Mkuu alimshika kiwiko. "Saa kumi kasoro robo. Una nini mkononi? Una neno moja, 'dada.' Wakili atalicheka mahakama nzima icheke. Na una simu yenye jina lake inayosema alipiga. Hicho kitu kinamtoa, hakimfungi!"

"Si yake. Ni ya marehemu. Amekaa anamwangalia mkewe anapiga mara kumi na moja, halafu akaificha."

"Thibitisha. Hiyo namba ni ya hospitali?"

Msumari alikuwa ameshaipigia kwa simu ya kituo. Ilikuwa inaita, inaita, hakuna anayepokea. Kampuni ya simu za mezani hujibu barua ya polisi baada ya wiki. Hospitali huwa wanapokea, hata kama ni kwa kukutukana. Hii ilikuwa inaita kama simu iliyochomolewa.

Akasimama. Akageuza shingo polepole kutazama benchi.

Mama Pindo alikuwa pale pale toka saa sita, mikono magotini, kipande cha uzi mweupe bado kimemng'ang'ania begani. Alipomwona Msumari akainuka nusu. "Afande. Alipiga?"

Msumari alikuwa na njia mbili hapo, na zote alizijua. Akikaa kimya dakika kumi na tano, Kinyozi anatoka, anapita mbele ya benchi hili, anasalimia kama alivyoahidi, na Mama Pindo ataamini maisha yake yote kwamba shemeji alijitahidi. Akiuliza, Kinyozi anabaki. Lakini atakuwa ameuliza.

Akanakili ile namba kwenye karatasi ya maelezo, mara kumi na moja, na saa zake pembeni, kama zilivyo. Akakaa benchini.

"Nisaidie kwanza kitu, dada. Namba hii unaijua?"

Mama Pindo akasoma kwa kidole. "Si yangu hii? Ya mezani."

"Nani wanayo?"

"Baba watoto. Na mdogo wangu." Alikuwa anaongea haraka, anataka wafike kwenye swali lake. "Basi. Nilimpa kwa mdomo siku ile imefika, tulikutana kisimani kwa sababu shemeji kanikataza kwake. Nikamwambia hii shika kichwani, usiiandike, mumeo asiione. Ukibanwa nipigie hapa, hapa sizimi, nitakuja hata na gauni la kulalia. Yule mwanaume hajui kama ninayo. Sasa afande, alipiga?"

"Una uhakika hajui?"

"Nikate shingo."

"Weka sahihi hapa. Kwamba ni yako, na wanayo hao wawili tu."

Akaweka. Mkono wa mshonaji, herufi ndogo zilizonyooka. Msumari akaangalia saa ya ukutani. Kasoro dakika sita.

"Hakupiga," akasema. "Shemeji yako hakupiga hata mara moja."

Mama Pindo alifumba macho. Pumzi ilimtoka ndefu, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ukawa wa mtu. "Nilijua," akanong'ona. "Nilijua mimi. Mbwa yule. Basi simu yangu haina..."

Macho yalifunguka yakiwa bado yameangalia chini, kwenye karatasi.

"Mbona mmeiandika mara nyingi?"

Msumari akanyoosha mkono kuichukua.

"Saa sita na nne," Mama Pindo alisoma. "Saa sita na tano. Sita na sita." Kidole kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari, hakirukii hata mmoja. "Hii ni juzi. Juzi saa sita nilikuwa nimekaa pale pale. Nilikuwa natia vifungo. Ilikuwa hapa, afande, hapa, kama wewe ulivyo hapo." Akageuka. "Haikulia."

"Najua."

"Haikulia hata mara moja."

"Najua, dada. Nipe karatasi."

Mlango wa mahabusu ulisikika unafunguliwa kule ndani, na sauti ya Kinyozi anauliza mkanda wake uko wapi. Mama Pindo alikuwa ameikamata ile karatasi kwa mikono yote miwili, anairudia toka juu, midomo inahesabu. Kasoro dakika tatu. Msumari akapiga goti mbele ya benchi, akamfungua vidole kimoja kimoja, kwa nguvu, mpaka kile cha mwisho kikalia, akainuka, akaingia nayo ndani mbio.